Kizimba cha Ishirini na Moja

Kila Jumapili mchana, vyombo vikishaondolewa mezani, Baba Mdogo alikuwa na kawaida ya kumtukana Mwiba.

"Huyu mtu ana roho mbaya," angesema, akilitandaza gazeti la Jumamosi pale sahani zilipokuwa. "Hebu tazameni. Hajanipa namba hata moja ya kuanzia. Kanitupia vizimba na vipimajoto, kisha kakaa kwao anajichekea."

Watu walicheka. Aliyecheka kwa sauti ya chini kuliko wote alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, mwanamke aliyekaa upande wa pili akimmenyea binti yake chungwa. Mwiba alikuwa yeye, na pale mezani hakuna aliyejua. Siku za kazi alikuwa mchora ramani katika ofisi ya wasanifu majengo, mtu wa rula na penseli kali, na muda uliobaki aliumalizia kwenye kutunga sudoku za gazeti, zile ngumu za ukurasa wa nyuma ambazo wengi huziruka wakikimbilia habari za mpira. Jina la Mwiba alijipa kwa utani, likamganda, na sisi tutamwita hivyo hivyo.

Sudoku yenyewe watu wanaijua: miraba tisa kwa tisa, na kila mstari, kila safu na kila boksi lipate moja hadi tisa bila kurudia. Mwiba aliongeza masharti yake. Kuna visanduku alivizungushia nukta vikawa kizimba, na jumla ya namba za ndani akaiandika pembeni. Kuna vingine alivichorea kipimajoto, na humo namba sharti zipande kutoka tumboni hadi kichwani, kama zebaki inavyopanda mtu akiwa na homa. Kwa masharti hayo tu, bila namba hata moja ya kuanzia, mtu mwenye subira angeweza kulifungua fumbo zima, na jibu lingekuwa moja tu.

Aliyemfundisha mchezo huo ni Baba Mdogo mwenyewe. Alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa, na Mwiba alipokuwa msichana wa shule, akimsubiri afunge waende nyumbani, alimkalisha nyuma ya kaunta na gazeti na penseli iliyotafunwa.

"Usibahatishe," alimwambia. "Kama huwezi kuniambia kwa nini hapo ni saba, usiandike saba."

Kwa hiyo alikijua kichwa cha mzee yule kama anavyojua vyumba vya nyumba yake. Alijua anaanzia wapi, anapenda njia gani, wapi anaharakisha. Alipotunga, alimtungia yeye. Alimtegea mitego yake pale pale alipojua atapita, na zile laana za Jumapili zilikuwa ndio shukrani yake. Mwanzoni alinyamaza ili aone kama mzee atamtambua. Baadaye siri ikawa tamu. Baadaye tena ikawa imekaa mno, hata kuitoa kukawa na aibu.

Kisha Baba Mdogo akapatwa na kiharusi. Kilikuwa chepesi, mdomo ulipinda kidogo na mkono wa kushoto ukawa mzito, na baada ya miezi ya mazoezi vyote vikarudi mahali pake. Daktari alimpima akamwambia yuko sawa, arudi kazini. Akarudi. Lakini kuna kitu kilichobaki ndani yake ambacho mashine za hospitali hazikukiona, na Mama Mdogo ndiye aliyemdokeza Mwiba, wakiwa wawili jikoni.

"Anajipima kwa lile fumbo," alisema, akisugua sufuria. "Ati akilifungua Jumamosi, Jumatatu anafungua duka kwa moyo mweupe. Siku atakayoshindwa, anaachia ngazi. Mimi namwambia daktari kasema u mzima. Yeye haamini daktari, anaamini Mwiba."

"Anasema hivyo kweli?"

"Anasema Mwiba hajawahi kukosea, kwa hiyo akishindwa yeye, aliyepungukiwa ni yeye. Unaona akili hiyo?"

Mwiba aliendelea kufuta glasi iliyokwisha kauka. Alipata hofu, hilo halina ubishi. Lakini chini ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine, na baadaye alipokikumbuka alitamani ardhi ipasuke: alijisikia fahari.

Kwa muda mrefu alijitahidi. Kila fumbo alilifungua upya kutoka kwenye nakala safi kabla halijaenda gazetini, kama vile hakulitunga yeye. Kisha mchapishaji mmoja wa vitabu akataka kuyakusanya mafumbo yake, na kwenye jalada akataka iandikwe kwamba mtunzi huyu hajawahi kutoa fumbo lenye kosa. Wiki hiyo hiyo ofisini kulikuwa na ramani za jengo la ghorofa zilizotakiwa haraka, na Mwiba alikuwa akitoka meza moja kwenda nyingine bila kupumua. Alilichora upya fumbo la Jumamosi akiwa na mawazo kwingine, akalituma bila kulifungua tena.

Jumamosi asubuhi mhariri alimpigia simu.

"Kuna msomaji amepiga, anasema fumbo la leo halina jibu. Nikasema nikuulize tu."

Mwiba alichukua gazeti. Hakuhitaji hata kalamu. Juu kulia kulikuwa na kizimba cha visanduku vinne. Viwili vilikuwa ndani ya mstari wa tatu, viwili vimechungulia mstari wa nne. Jumla yake ilitakiwa kuwa kumi na mbili. Alikuwa ameandika ishirini na moja. Namba mbili zimebadilishana nafasi, basi.

"Ni kweli," alisema. "Ni bovu."

Mhariri alishusha sauti. "Sikiliza. Aliyepiga ni mmoja. Wengine wataona wameshindwa, ndivyo walivyozoea. Tukitoa masahihisho sasa, mchapishaji atayaona, na unajua amepanga kuandika nini kwenye jalada. Jumamosi ijayo tutatoa jibu kwa herufi ndogo kama kawaida, na mambo yatakwisha yenyewe. Au wewe unasemaje?"

Baba Mdogo alimjia akilini. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, na halikumwacha tena: mzee alimjia akilini kabla hajajibu, tena waziwazi, ameinama mezani na miwani puani. Kisha akasema, "Sawa, tuache."

Jumapili Baba Mdogo hakumtukana mtu. Alikula kidogo, gazeti amelikunja mfukoni mwa shati. Aliomba chumvi, Mwiba akamsogezea. Watoto walipoondoka mezani akalitoa gazeti na kulikunjua taratibu. Karatasi ilikuwa imechakaa kwa kufutwa, na sehemu moja ilikuwa imetoboka.

"Binti," alisema, "wewe zamani ulikuwa hodari wa vitu hivi. Hebu nitazamie. Nimepotea wapi?"

Alimpa na penseli. Kidole chake kilikuwa kwenye kile kizimba hasa.

Mwiba aliinama akatazama. Aliona hesabu ndogo ndogo za mzee pembeni, zimeandikwa kwa mkono ule ule uliowahi kuandika juu ya chupa zote za dawa za utoto wake. Zote zilikuwa sahihi. Alijua kwamba neno moja lingetosha. Mama Mdogo alikuwa mlangoni na trei ya chai, binti yake alikuwa akiimba uani, na yeye akakisikia kinywa chake kikisema:

"Sijacheza siku nyingi, Baba Mdogo. Limenizidi kimo."

"Aa," alisema mzee, akalichukua gazeti lake. "Limekuzidi na wewe." Alisema kwa upole, kama mtu anayemfariji mwingine, akalikunja tena kwa mikunjo yake ile ile.

Katikati ya wiki Mama Mdogo alimpigia ofisini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia akanyamaza.

"Ametoa funguo za duka. Amempa yule mfamasia mwenzake, yule mnayemwita Miwani. Barua ya kurudisha leseni ameshaipeleka. Nimemuuliza, wewe mtu mzima, kwa sababu ya gazeti? Akanijibu mtu asiyeweza kuona kosa lake kwenye karatasi asiwapimie watoto wa watu dawa. Na gazeti lenyewe kasema tuache kununua."

Mwiba aliweka simu. Mbele yake kulikuwa na ramani ya ngazi za jengo, na alikaa akiitazama mpaka mkubwa wake akamuuliza kama anaumwa. Alijibu kwamba ni kichwa tu.

Mtu mwingine angetoka pale moja kwa moja akaenda kusema. Yeye alijitia werevu. Alimwomba mhariri asitoe lile fumbo lililokwisha pangwa la Jumamosi, akatunga jingine kwa haraka, jepesi, lenye namba nyingi za kuanzia na kizimba kimoja cha kupamba. Hili alilifungua mara mbili. Jumamosi mapema akanunua gazeti na kulipeleka mwenyewe, kana kwamba alikuwa akipita tu njia hiyo.

Alimkuta Baba Mdogo sebuleni amevaa shati la kazini, hana kazi. Redio ilikuwa inaongea peke yake.

"Nimekuletea," alisema. "Nimeona nisikuache hivi hivi."

Mzee hakutaka. Mwiba alimbembeleza, Mama Mdogo akamsaidia kubembeleza, mwisho akachukua penseli ili wamwache apumue. Alianza kujaza. Aliijaza ile miraba kama mtu anayeandika anwani ya nyumbani kwake, bila kusita, na chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke alipoweka penseli chini.

"Umeona?" Mama Mdogo alisema, uso umemchangamka. "Umeona sasa?"

"Hili ni la watoto," alisema Baba Mdogo. Hakuwa na hasira, ila uso wake ulishuka kuliko ulivyokuwa mwanzo. "Mwiba hafanyi hivi. Miaka yote hajawahi kumhurumia mtu. Wamegundua wasomaji wao ni wazee na wagonjwa, wakamwambia alegeze. Basi na mimi ni wa kulegezewa." Alilisukuma gazeti mbali. "Mwanangu, asante. Lakini usiniletee tena."

Mama Mdogo alirudi jikoni. Mwiba alibaki amesimama. Alikuwa amekuja kuziba tundu na amelipanua, na sasa hapakuwa na pengine pa kujificha. Alipiga moyo konde akakaa kwenye stuli mbele ya mzee.

"Baba Mdogo, Mwiba ni mimi."

Mzee alitabasamu. "Na mimi ni rubani."

"Ni mimi. Tangu fumbo lilipoanza kutoka gazetini. Na lile la wiki iliyopita halina jibu. Kile kizimba ni kumi na mbili, mimi nikaandika ishirini na moja. Nilijua Jumamosi ile asubuhi. Mhariri alinipigia."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa usoni likiwa limekosa kazi, kisha likazimika. Baba Mdogo alizima redio. Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na lile gazeti la zamani, lililotoboka. Alilitandaza mezani.

"Andika inavyotakiwa."

Mwiba aliikata ishirini na moja kwa mstari, akaandika kumi na mbili pembeni.

"Ondoka kwenye mwanga," alisema mzee.

Alifuta kila kitu akaanza mwanzo. Hili halikuwa jepesi. Alikwenda polepole, akirudi nyuma, akinong'ona jumla zake, na mara kadhaa alikaa tu bila kuandika, penseli imegusa mdomo. Mwiba hakuthubutu kuinuka. Mama Mdogo alichungulia mlangoni, akawaona walivyo, akarudi. Chai ilipoa ikafanya utando. Jua lilikuwa limeshahama kutoka kwenye meza kwenda kwenye zulia Baba Mdogo alipoandika namba ya mwisho, akaipitia miraba yote kwa kidole, mstari kwa mstari, safu kwa safu.

"Zuri," alisema. Halafu akaongeza, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni bovu. Siku ile ile, kabla ya chakula cha mchana. Ukijumlisha vizimba vyote vya mistari mitatu ya juu, ukatoa arobaini na tano ya kila mstari, unapata kwamba vile visanduku viwili vinavyochungulia mstari wa nne jumla yake ni kumi na tatu. Kimoja ni tumbo la kipimajoto cha visanduku vitano, kwa hiyo hakiwezi kuzidi tano. Basi ni nne au ni tano. Nikijaribu nne, tisa inakosa pa kukaa. Nikijaribu tano, saba mbili zinagongana. Hakuna njia ya tatu. Nilishamaliza."

Mwiba alimtazama bila kuelewa. "Kama ulijua, kwa nini basi..."

"Kwa sababu wa kulaumiwa tulikuwa wawili, mimi na Mwiba," alisema Baba Mdogo. "Na Mwiba hakuwa ameugua kiharusi."

Nje mtu alikuwa akiburuta kiti juu ya saruji.

"Nikalirudia," mzee aliendelea. "Jioni nikalirudia, likatoka vile vile. Nikasema basi kuna mahali kichwa kimekatika, na kile kilichokatika ndicho ninachotumia kutafutia. Halafu Jumapili nikakuuliza wewe."

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Nilikuwekea kidole pale pale."

"Ndiyo."

"Ukasema limekuzidi kimo."

Machozi yalimkaribia Mwiba lakini aliyazuia, maana aliona kulia ingekuwa ni kumwomba mzee amfariji yeye, na hilo alikwisha lipata kwa wizi mara moja.

"Kosa la namba silihesabu," alisema Baba Mdogo. "Mimi mwenyewe niliwahi kumpa mama wa watu chupa yenye lebo ya mtu mwingine. Nikagundua ameshatoka. Nilimkimbilia na koti langu jeupe barabara nzima, watu wananicheka, mpaka nikamshika akiwa mlangoni kwake. Kila mtu anakosea. Lakini nilikimbia. Wewe ulikaa hapo, ukanipa chumvi."

Alilikunja gazeti akaingia nalo chumbani, akafunga mlango pole pole. Mwiba alikaa kidogo, akavichukua vikombe akavipeleka jikoni. Mama Mdogo alikuwa amesikia yote. Alivipokea vikombe mikononi mwake, akamwambia, "Nenda nyumbani, mama. Leo nenda tu."

Jumatatu alimwandikia mhariri masahihisho, akamwambia yatoke ukurasa ule ule, kwa herufi za kawaida. Yalisema kizimba kilichoandikwa ishirini na moja kilipaswa kuwa kumi na mbili, kwamba fumbo halikuwa na jibu, kwamba walioshindwa hawakukosea popote, na kwamba mtunzi alijua tangu siku ya kwanza akanyamaza. Mhariri alitaka kuyakata maneno ya mwisho.

"Hayo ya nini? Unajichoma bure."

"Yakikatwa, hupati fumbo langu tena."

Yalitoka yote. Mchapishaji wa kitabu aliandika ujumbe mfupi wa adabu kwamba mpango umesogezwa mbele, na haukurudi kutajwa. Mwiba alishangaa jinsi jambo hilo lilivyomuuma kidogo tu. Usingizi wake uliliwa na kitu kingine, lile "Limekuzidi na wewe", na ile sauti ya upole iliyolisema.

Jumapili waliendelea kula pamoja, maana familia haivunjwi kwa gazeti. Baba Mdogo alimsalimia, aliuliza habari za kazi, alimpakata mjukuu. Mezani vyombo vikiondolewa, meza ilibaki tupu. Hakuna aliyetandaza kitu, wala hakuna aliyetukanwa, na Mwiba aligundua kwamba hakuna kimya alichowahi kukisikia kirefu kama kile cha baada ya chakula. Aliacha kutunga kwa muda. Kila alipochora miraba, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mitego ya mzee, na akaona hana tena haki nayo.

Habari ya leseni aliipata kwa Mama Mdogo. Ofisi husika ilikubali kuirudisha baada ya barua na vipimo vingine. Duka lilibaki la Miwani, kwa kuwa mkataba wa kumkabidhi ulikwisha sainiwa na Baba Mdogo hakutaka kumpokonya mtu alichompa kwa hiari yake. Lakini Miwani, aliyefunzwa kazi na mzee yule tangu akiwa mwanafunzi, alikwenda kumwomba arudi awe anashika zamu za asubuhi. Akakubali.

Mwiba hakwenda kumwona huko. Alitafuta sababu za kutokwenda, akazipata kwa urahisi, mpaka binti yake aliposhikwa na kikohozi kibaya na daktari akaandika dawa. Duka jingine lilikuwepo jirani na kwake. Alisimama kwenye njia ameshika mkono wa mtoto, akajiona anavyolitafutia duka hilo sifa, akageuka akaenda kwa mzee.

Baba Mdogo alikuwa nyuma ya kaunta na koti lake jeupe, miwani puani. Alimpa mtoto kijiti cha kupimia koo achezee. Alisoma cheti cha daktari, akauliza uzito wa mtoto, akauliza kama anatapika. Kisha akamwaga vidonge kwenye sinia ndogo na kuvihesabu kwa kisu bapa, viwili viwili, mdomo ukisogea. Alimaliza. Akavirudisha upande wa kwanza, akavihesabu tena. Idadi ilikuwa sawa; hata Mwiba aliyekuwa akitazama kutoka upande wa pili aliiona.

Mzee alisita, sinia mkononi. Halafu akaisogeza kwa Miwani, aliyekuwa akipanga chupa pembeni.

"Nihesabie," alisema kwa sauti ndogo.

Miwani alihesabu haraka bila kuuliza, kama mtu aliyekwisha zoea kuulizwa hivyo. "Viko sawa, mzee."

Baba Mdogo aliitikia kwa kichwa, akavitia kwenye bahasha, akaandika maelekezo kwa mwandiko wake ule ule. Alimkabidhi Mwiba, akimweleza kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula, na asikatishe hata kikohozi kikipoa. Mwiba alisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, akamshika mtoto mkono wakatoka.